Siku Shangazi Aliponirudisha Kambini

Ipo asubuhi moja ya mwezi wa sita ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa, miguu imejaa vumbi, na pembeni yangu shangazi Martina, dada yake baba, amejitanda shuka lake la baridi. Alikuwa amenishika mkono kama mtu anayemzuia mbuzi asiingie shamba la jirani. Ndani ya darasa wanafunzi wote walikuwa wamegeuka kututazama. Laiti ardhi ingepasuka, ningeingia kwa hiari yangu.

Ngoja nikueleze tulifikaje pale. Nimesikia na wewe umechaguliwa kwenda kambi ya masomo likizo hii, na tangu nisikie nimekuwa natafuta nafasi ya kukaa na wewe. Hilo begi liache kwanza. Litafungwa tu.

Mimi nilizaliwa kijiji cha Daudi, huku juu Mbulu. Nilipokuwa sekondari, Manyara bado haikuwa mkoa. Barua zetu zote ziliandikwa Arusha, na mtu akiumwa sana anapelekwa huko huko. Ghala la ushirika lilikuwa limefungwa, popo wanaishi ndani, na wafanyabiashara walikuwa wameanza kuja na malori yao wenyewe kununua mahindi na vitunguu swaumu hadi mlangoni. Mambo yalikuwa yanabadilika haraka, na wazee wetu waliona kwamba mtoto asiyesoma ataachwa njiani. Hata hivyo wasichana wengi wa rika langu waliishia darasa la saba. Mimi nilibahatika. Na tena nilikuwa na kichwa cha hesabu, mwanangu, sijisifu. Pale shuleni kwetu nilizoea kuitwa wa kwanza hadi nikaona ni kama jina langu la pili.

Nikiwa kidato cha tatu, ikaja habari kwamba kutakuwa na kambi ya hesabu na sayansi wakati wa likizo ya mwezi wa sita. Walimu fulani walikuwa wamekubaliana kukusanya wanafunzi wenye vipaji kutoka shule mbalimbali, wawaweke pamoja kwenye shule ya bweni kule Hanang, chini ya mlima kabisa, wafundishwe mambo ambayo hayapatikani darasani. Kutoka shule yetu nilichaguliwa mimi peke yangu.

Mwezi wa sita, unajua mwenyewe, ni wakati wa mavuno. Maharage yanasubiri, mahindi yanasubiri, na baba mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu alipoangukiwa na mti. Nilidhani atakataa. Alikaa kimya siku nzima, halafu jioni akamwambia mama, "Aende. Sisi tutavuna." Ndiyo hivyo tu. Asubuhi ya safari alinisindikiza mpaka kwenye lori la mahindi, akichechemea, amebeba tranka langu begani. Hakuwa mtu wa maneno. Nilipopanda alinitazama akasema, "Paskalina, ukawasikilize walimu." Lori likaondoka.

Tulipita Dongobesh, tukashuka, tukaenda hadi kwenye yale mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, na hatimaye mlima Hanang ukatokea, mkubwa, umekaa peke yake kwenye tambarare kama mtu asiye na haja ya jirani. Moyo wangu ulijaa. Nilijiambia, nitakwenda kuwaonyesha.

Bwenini nilipangiwa kitanda cha chini. Cha juu alilala msichana mrefu, mwembamba, kutoka familia ya wafugaji wa Gehandu kule bondeni, jina lake Udaweda. Alikuwa Mbarabaig. Kiswahili chake kilikuwa cha kukata kata, na alikuwa anaongea kwa sauti kubwa kama mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio mbali. Wenzetu wa mjini walimtazama kwa chini chini. Na mimi, nikiogopa nisije nikawekwa kundi moja naye, nikawa nakaa mbali naye mezani.

Mkuu wa kambi alikuwa Mwalimu Lohay, kijana aliyetoka chuo kikuu si muda mrefu. Ndiye aliyetufundisha hesabu. Siku ya kwanza alituonyesha mlima kupitia dirishani akasema, "Kabla hamjaondoka hapa, mtaupima huu mlima urefu wake. Na hakuna atakayeupanda." Darasa likachangamka. Akaanza kuandika ubaoni. Pembe, mistari, tanjenti. Akiandika upande huu anafuta upande ule.

Udaweda akanyoosha mkono. "Mwalimu, tanjenti ni chombo gani? Kinashikwa mkononi?"

Darasa zima likacheka. Mwanangu, walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wengi, kwa sababu nilitaka ionekane kwamba mimi najua. Udaweda alisubiri kicheko kiishe, mkono bado uko juu. Mwalimu Lohay akamjibu vizuri, akamchorea, naye akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Sasa sikiliza kilichonipata. Siku iliyofuata mwalimu alieleza kwamba ili kuupima mlima tutasimama mahali pawili tofauti, tupime pembe mahali pa kwanza, tusogee, tupime tena. Hapo ndipo nilipopotea. Mlima ni mmoja, kilele ni kimoja. Kwa nini kupima mara mbili? Nilitazama kushoto, watu wanaandika. Kulia, wanaandika. Nikataka kuuliza. Mkono ulifika usawa wa bega, halafu nikakisikia kile kicheko cha jana masikioni mwangu, na sauti yangu mwenyewe ikiwa ndani yake. Nikajifanya najikuna shingo.

Kutoka hapo kila somo lilisimama juu ya lile nisilolielewa. Nilinakili tu. Nikaacha kula vizuri. Tulipopewa maswali ya kujaribu nilirudishiwa karatasi yangu na Mwalimu Lohay ameandika kwa kalamu nyekundu, "Njoo tuongee." Sikwenda. Mimi niliyekuwa wa kwanza siku zote, niende kuongea nini?

Mchana mmoja, wenzangu wakiwa uwanjani wanacheza netiboli, niliingia bwenini nikafunga nguo zangu kwenye kanga. Tranka nikaliacha. Udaweda alikuwa amelala kule juu, tumbo linamuuma.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani."

"Kuna mtu amekupiga?"

"Hapana."

"Kuna msiba?"

"Hapana."

Akainuka akakaa. "Sasa nyumbani unaenda kufanya nini?"

 Nilipita nyuma ya jiko, nikatokea kwenye uwazi wa uzio, nikashika njia ya Gitting.

Gitting ndiko alikokuwa ameolewa shangazi Martina. Mume wake alikuwa ameshafariki na yeye alikuwa analima mwenyewe. Nilipanga nilale kwake, kesho nitafute lori la kunirudisha Mbulu. Njia ni ya kupanda, na upepo wa kule ulikuwa unanipiga vumbi usoni. Nililia njia nzima. Nikimwona mtu anakuja nafuta macho, nasema shikamoo, nikimpita naendelea kulia.

Shangazi alikuwa anapepeta maharage uani. Aliniona, akaona ile kanga niliyofungia nguo, akasimama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nyumbani wazima?"

"Wazima."

"Haya, nawa mikono."

Akanipa ugali na maziwa mgando, akanipa na shuka. Hakuniuliza kitu. Nilidhani nimepona. Nilikuwa simjui shangazi yangu vizuri.

Alfajiri aliniamsha tukakaa jikoni kupukuchua mahindi. Tulipukuchua mpaka kikapu kikaanza kujaa. Ndipo akasema, bila kuniangalia, "Eleza."

Nikaeleza yote. Nikasema, "Shangazi, wenzangu wanajua. Mimi sijui. Mimi si wa pale."

"Walikuchagua kwa sababu gani?"

"Kwa sababu shuleni kwetu mimi ndiye ninayejua kuliko wote."

Akaacha kupukuchua. "Kama unajua tayari, baba yako alikuruhusu uende kufanya nini? Yule mtu na mguu wake ule yuko shambani sasa hivi, anang'oa maharage. Ungekuwa unajua tayari ungebaki kumsaidia. Alikupeleka kwa sababu kuna kitu hukijui. Umekikuta. Ulipokikuta, ukakikimbia?"

 Hakuwa amepaza sauti hata kidogo, na ndiyo maana iliniingia. Kuna watu wamenigombeza kwa kelele maishani mwangu, mwanangu, na sikumbuki walisema nini.

"Hilo swali lenyewe ni lipi?" akauliza.

Nikamweleza habari ya mlima na kupima mara mbili. Alifikiri kidogo akatikisa kichwa. "Mimi sijui. Twende kwa mwenye kujua."

"Shangazi, watanifukuza. Aliyetoka bila ruhusa harudi, walituambia."

"Wakufukuze huku umeshauliza. Vaa viatu."

Basi tukashuka kutoka Gitting mimi na yeye, yeye mbele, hasimami. Na ndivyo tulivyofika pale mlangoni nilipoanzia hadithi yangu.

Mwalimu Lohay alipotuona aliweka chaki chini. Macho yake yalikuwa mekundu. Baadaye nilijua kwamba jioni ile, Udaweda alipoulizwa akasema ukweli kwamba nimeondoka, walimu walizunguka na tochi hadi stendi, wakapita kwenye mifereji na vichaka wakiniita jina. Mtoto wa kike, wa watu, amepotea mikononi mwake. Hilo sikulifikiria hata mara moja nilipokuwa natoka kwenye ule uzio. Nilidhani ninajiondoa mwenyewe tu.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mkubwa wa hapa?"

"Ndiyo mimi."

"Mimi ni shangazi wa huyu. Alikuwa na swali, akapotea njia, akalileta kwangu. Mimi sikusoma. Nikaona nikuletee wewe, mwenyewe. Alilala kwangu jana, alikula, hakuna aliyemgusa. Kosa la kutoka bila kuaga ni lake, umwadhibu utakavyo. Ila naomba kwanza umjibu."

 Mwalimu alinitazama muda mrefu. Niliona hasira inapanda na kushuka usoni mwake. Mwisho akavuta kiti cha mwalimu, akakiweka karibu na mlango, akamwambia shangazi akae. Halafu akanigeukia. "Uliza."

 Shangazi akanifinya mkono.

"Mwalimu," nikasema, "mlima ni mmoja. Kwa nini tunapima mahali pawili?"

Nilifumba macho kusubiri kicheko. Hakikuja. Nilipofumbua niliona watu wanatazama madaftari yao. Mwalimu akamwita mvulana mmoja wa kiti cha mbele, aliyekuwa akijibu kila kitu, akamwambia, "Mweleze." Yule kijana akasimama kwa kujiamini, akaanza, "Kwa sababu... kanuni inasema pembe ya kwanza na pembe ya pili..." akafika katikati, akasimama, akakuna kichwa. "Mwalimu, kwa kweli nilinakili tu." Msichana mwingine naye akakubali kwamba hajui. Na mwingine.

Mwalimu Lohay alikaa juu ya meza. Alikuwa kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akichota maji kwa ndoo iliyotoboka. "Fungeni madaftari," akasema. "Twendeni nje."

Tukatoka wote, na shangazi nyuma yetu. Siku hiyo wingu lilikuwa limeupisha mlima, kilele kinaonekana chote. Akanisimamisha mwisho wa uwanja, akaniambia nitazame paa la jiko na kilele cha mlima nyuma yake.

"Kipi kirefu?"

"Vinalingana, mwalimu. Paa limegusana na kilele."

"Kwa hiyo jiko letu lina urefu wa mlima Hanang?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na safari hii kilikuwa kicheko kizuri. "Sasa nenda mbele," akasema. Nikatembea kuelekea jiko, na jinsi nilivyokuwa nasogea, paa likapanda, likapanda, likaufunika mlima wote. Mlima wenyewe ulikuwa umebaki vile vile, haukuongezeka wala kupungua. Nikasimama katikati ya uwanja. Kitu kikafunguka kichwani mwangu, mwanangu. Nilihisi kabisa kikifunguka.

"Mwalimu! Ukisimama mahali pamoja huwezi kujua kama ni kifupi kilicho karibu au kirefu kilicho mbali! Mpaka usogee! Ukisogea ndipo kinakuambia kiko umbali gani!"

"Rudia," akasema, "wasikie wote."

Nikarudia. Na kila mwanafunzi akataka kutembea mwenyewe aone. Tulikuwa kama watoto wa chekechea, tunakwenda mbele na kurudi nyuma, tunapiga kelele. Shangazi Martina naye akaenda mbele, akarudi nyuma, akasema, "Kweli." Halafu akaaga, kwa sababu maharage yake yalikuwa uani na kuku wa jirani hawana adabu.

Adhabu niliipata. Nilipangiwa kuosha masufuria ya kambi mpaka siku ya mwisho, na niliyaosha. Ila Mwalimu Lohay aliniambia faraghani, "Nilipokuandikia uje tuongee, ulidhani nataka kukufukuza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilitaka kukuuliza ni wapi nimekuacha." Neno hilo limeniliza mara kadhaa nilipokuwa mtu mzima.

Jioni, Udaweda alikuja kunisaidia masufuria bila kuitwa. Nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena.

"Siku ile ya tanjenti nilikucheka," nikamwambia.

"Najua. Nilikusikia."

"Nisamehe."

Aliendelea kusugua sufuria kwa majivu. "Mimi nilikuwa sijui tanjenti, sasa naijua. Wewe uliyecheka ulipata nini?"

Halafu akanimwagia maji ya majivu mguuni akacheka yeye sasa, na kuanzia hapo tulikuwa marafiki. Alinifundisha kuuliza kwa sauti kubwa, mimi nikamfundisha kuandika sentensi ndefu. Siku ya kuupima mlima tulikuwa kundi moja, yeye ameshika kamba, mimi nimeshika ubao wa kupimia pembe, na upepo unataka kutuangusha wote wawili. Makundi yote tulipata majibu yaliyopishana, lakini hayakupishana sana, na mwalimu alisema hivyo ndivyo ukweli unavyoanza kuonekana.

Siku ya kufunga, wazazi walioweza kufika walifika. Baba yangu hakuweza. Shangazi alikuja. Na baba yake Udaweda alikuja kutoka Gehandu, mzee mrefu mwenye rubega na fimbo. Binti yake alimweleza kwa lugha yao jinsi tulivyoupima mlima, anarusha mikono huku na huku. Mzee alisikiliza kwa makini, akauangalia mlima, akamuuliza kitu. Udaweda akaangua kicheko. Alitutafsiria kwamba baba anauliza, je, mlima mwenyewe mmemwambia? Lakini kabla ya kuondoka yule mzee alimwambia Mwalimu Lohay, kwa Kiswahili cha taratibu, "Huyu akitaka kusoma zaidi, asome. Mimi sitamzuia." Walimu waliokuwa wanajua kwamba kwa binti wa nyumba ile kuendelea na shule halikuwa jambo jepesi walipeana mikono.  Udaweda alisimama tu ameshika fimbo ya baba yake, anaipapasa.

Zawadi za kufanya vizuri sikupata, mwanangu. Nilikuwa wa katikati. Nilirudi kijijini Daudi nikiwa wa katikati, na baba alipouliza umekuwa wa ngapi nikamwambia ukweli, naye akauliza, "Umejifunza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya," akanipa kikapu tukaenda kumalizia mahindi.

Udaweda alisoma mpaka akawa daktari wa mifugo. Mimi nikawa mwalimu wa hesabu, na Manyara ilipokuwa mkoa, shule za kata zikaanza kuota kila mahali, nikapangiwa kule kule Gehandu. Darasani mwangu niliweka sheria moja tu. Anayecheka swali la mwenzake, atalijibu yeye ubaoni. Utashangaa jinsi darasa lilivyokuwa na adabu, na jinsi maswali yalivyokuwa mengi. Kuna wasichana wa bondeni waliopita mikononi mwangu ambao leo nikipita mjini Katesh wananiamkia wakiwa na funguo za ofisi mkononi, na kila mmoja namkumbuka kwa swali aliloniuliza.

Sasa nikuambie ninalotaka ulishike, mwanangu. Huko unakokwenda utakuta watoto waliokuwa wa kwanza kwao, kila mmoja wao. Mmoja tu ndiye atakayebaki wa kwanza, na huenda usiwe wewe. Usihuzunike. Hukutumwa kwenda kushinda watu, umetumwa kwenda kujua. Swali likikushika, uliza siku hiyo hiyo likiwa bado dogo. Likilala usiku mmoja litakuwa limeota mizizi. Akiuliza mwenzako, nyamaza usikilize jibu, maana mara nyingi atakuwa anakuulizia na wewe. Mwalimu akikuita, nenda. Na siku ukiona mambo yamekuzidi kabisa, unataka kuondoka, mwambie mtu mzima mmoja kabla hujavuka uzio. Usiwaache watu wakuite jina gizani huku wewe umelala salama mahali pengine.

Haya, inuka sasa umalizie begi lako. Weka na sweta, kule asubuhi kuna baridi. Mungu akutangulie barabarani, akupe walimu wenye subira na wenzako wenye moyo. Usiku alinde kitanda chako, mchana alinde akili yako. Na akurudishe kwetu mzima, mwanangu, ukiwa na maswali mengi kuliko haya unayoondoka nayo.